Sura ya Nne: Nywele za George, Kamba za Kinshasa

Tarehe 12 Machi 1959, katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens mjini Toronto, mwanamieleka wa miaka 43 alishindwa na Whipper Billy Watson, kisha akanyolewa nywele zake zote hadharani. Jina alilozaliwa nalo ni George Wagner, lakini kote kulikokuwa na televisheni Marekani Kaskazini aliitwa Gorgeous George. Nywele zile zilikuwa mtaji wake. Alizitia rangi ya dhahabu na kuzikunja mawimbi, akazibana kwa vibanio ambavyo aliwarushia mashabiki alipokuwa akiingia. Kabla hajapanda ulingoni, mtumishi wake alitangulia kupuliza manukato ili bwana mkubwa asisikie harufu ya watu wa kawaida. Watu walimchukia kwa moyo wote na walilipa ili waje kumzomea. Watson naye alikuwa ameweka dau lake mezani: akishindwa, anaacha kazi ya mieleka. Basi usiku ule mmoja angepoteza uso wake, au mwingine angepoteza riziki yake.

Mtu akisema kwamba matokeo yalikuwa yamepangwa, amesema kweli. Ila bado hajaeleza kwa nini ukumbi ulijaa, wala kwa nini watu wazima walisimama juu ya viti kutazama mkasi. Mieleka ya kulipwa ni sanaa ya kumfanya mtazamaji ahesabu hasara kabla haijatokea. Kukaba, kurusha na kuanguka ni lugha yake tu. Uzito unatoka katika dau.

Zama zile zilikuwa zama za mieleka ya maeneo. Mwaka 1948, mjini Waterloo katika jimbo la Iowa, mapromota kadhaa walikutana wakaunda National Wrestling Alliance. Kila promota alibaki na eneo lake, na mwenzake hakuruhusiwa kuliingilia. Bingwa wa dunia wa chama alikuwa mmoja, na kazi yake ilikuwa kusafiri mwaka mzima, leo Florida, kesho Texas, wiki ijayo Japani. Alipofika mjini alikutana na shujaa wa pale, akamwacha apige karibu ashinde, halafu akaondoka na mkanda wake huku mji mzima ukiapa kwamba safari ijayo hatapona. Kule Memphis maneno yalisemwa kwenye televisheni Jumamosi asubuhi, na pambano likafanyika Jumatatu usiku. Kati ya siku hizo mbili watu walibishana kazini, kanisani na sokoni, na ubishi huo ndio uliouza tiketi. Wakati wa mambo nitakayosimulia hapa, bingwa huyo msafiri alikuwa Jack Brisco, aliyempokonya Harley Race mkanda mjini Houston mnamo Julai 1973.

Mwaka 1961 bondia wa miaka 19 kutoka Louisville alifika Las Vegas kwa pambano lake la saba la kulipwa. Aliitwa bado Cassius Clay; baadaye dunia ingemjua kama Muhammad Ali. Katika kituo cha redio alikutana na Gorgeous George, aliyekuwa amekuja kutangaza mieleka yake. Kijana aliulizwa kuhusu mpinzani wake, akajibu kwa kiasi tu. George alipopewa zamu alinguruma: atamvunja mpinzani wake mikono, na akishindwa atatambaa ulingoni na kujinyoa nywele. Kijana akaenda kumtazama. Ukumbi umejaa, na kila mtu anapiga kelele dhidi ya mtu mmoja. Muhammad Ali mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba pale ndipo alipoelewa kazi yake. George alimwambia aendelee kujisifu, kwa kuwa watakaolipa kumwona akinyamazishwa watakuwa wengi kuliko watakaolipa kumwona akishinda, na fedha zao ni zilezile.

Somo hilo lilizaa matunda yake makubwa kabisa katika nchi yetu. Ninaamini kwamba pambano lililojengwa vizuri kuliko yote kwa ufundi wa mapromota wa mieleka lilipiganwa kwa glavu, na bila matokeo kupangwa, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Wapenzi wa ngumi wana haki ya kulidai ni lao. Lakini sisi tuliokulia kwenye katchi, yaani mieleka ya kwetu, tunaliona jambo ambalo wao hulipita haraka.

Katchi ya Kongo, nalo ni neno tulilolipokea pamoja na Kifaransa, ina adabu zake. Kule Kinshasa wapiganaji hupitishwa mitaani juu ya magari kabla ya pambano, fanfari ikipiga, wengine wamevaa vinyago, wengine wamejipaka rangi au wamebeba dawa zao waziwazi ili kila mtu aone wanachokuja nacho. Kelekele Lituka alikuwa jina kubwa katika enzi za Mobutu. Baadaye akaja Edingwe, aliyejiita Moto na Ngenge, ambaye watu walimwogopa kwa fetishi zake kabla hajamgusa mtu. Mtazamaji wa katchi anajua kwamba pambano huanza mtaani, siku nyingi kabla ya kengele. Ndiyo maana ninasema Ali alipotua Kinshasa hakuhitaji mkalimani wa mchezo wake.

Tuangalie dau lenyewe. Mpinzani wa Ali, bingwa George Foreman, alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kati ya hizo kwa nokauti. Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Machi 1974, mjini Caracas, alimmaliza Ken Norton katika raundi mbili vilevile. Sasa kumbuka kwamba Frazier na Norton ndio watu wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali, na Norton alimvunja taya. Promota wa mieleka hukaa miezi akitafuta namna ya kuonyesha kwamba adui anatisha. Hapa kazi ilikuwa imefanywa na ukweli wenyewe. Ali alikuwa na miaka 32. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, akavuliwa ubingwa, na kwa zaidi ya miaka mitatu, katika umri ambao bondia ana miguu yake bora, hakuruhusiwa kupanda ulingoni. Watu wa kambi yake hawakuwa wakiwaza kama atashinda. Walikuwa wakihofia uhai wake.

Fedha zilikuwa dola milioni 5 kwa kila mmoja, kiasi ambacho hakijawahi kusikika wakati ule. Promota Don King aliwafanya wote wawili wasaini kabla hajazipata fedha. Zaire ya Mobutu, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ndiyo iliyosimamia malipo, na hapo dau la tatu likaingia: Rais aliyekuwa ametangaza Zairianisation mnamo Novemba 1973 na kugawa maduka na mashamba ya wageni, alitaka dunia ione taifa jipya. Bei ya shaba ilikuwa imepanda sana mapema mwaka 1974. Mwaka huohuo, kabla haujaisha, ilikuwa imeporomoka, na waliolipa gharama ya fahari ile ni watu ambao hawakuwa na tiketi. Kulisifu pambano lile bila kusema hivyo hakunikalii vyema moyoni.

Tarehe ya kwanza ilikuwa 25 Septemba. Siku tisa kabla, Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, kwa kiwiko cha mwenzake. Tamasha la muziki lililoandaliwa kuambatana na pambano likafanyika peke yake, James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley wakapanda jukwaani, na mabondia wakabaki wakisubiri wiki zaidi ya tano. Kwa Foreman wiki hizo zilikuwa kifungo. Kwa Ali zilikuwa ni zile siku kati ya Jumamosi na Jumatatu, zimerefushwa. Alikimbia kando ya mto kule N'Sele, akasalimia kila mtu, akabeba watoto, akazungumza na kila kamera iliyomkaribia.

Waliokuwa karibu naye wamesimulia kwamba mapema kabisa aliuliza Wazaire wanamchukia nani. Jibu la kwanza, kwamba ni watu weupe, halikumfaa, kwa kuwa Foreman ni mweusi kama yeye. Basi, nani mwingine? Wabelgiji. Ali akawatangazia watu kwamba George Foreman ni Mbelgiji. Na Foreman, bila kujua, alikuwa ameshuka na mbwa wake mkubwa wa jamii ya Kijerumani, wa aina ileile ambayo wazee waliikumbuka mikononi mwa polisi wa kikoloni. Adui alikuwa amekamilika, na mwenyewe hakuwa ametamka neno.

Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu sisi wa Bukavu tuna sababu yetu ya kulisikia neno hilo kwa namna nyingine. Mwaka 1967, mwaka uleule Ali alipovuliwa mkanda, mji wetu ulitekwa. Jean Schramme, mlowezi wa Kibelgiji aliyegeuka kiongozi wa mamluki, aliingia Bukavu mwezi wa Agosti pamoja na wanajeshi wa Kikatanga, akaushikilia mji hadi mwanzoni mwa Novemba, jeshi la taifa likiupiga kutoka milimani, kisha akavuka mto Ruzizi na kuingia Rwanda. Nyumba zilibaki matundu. Waliorudi walikuta vitu vyao vimeporwa na wengine wakakuta makaburi. Mwaka 1974 ilikuwa imepita miaka saba tu. Kule Kinshasa, kumwita mtu Mbelgiji kulikuwa kumkumbusha mtu zama za babu yake. Huku mashariki kulikuwa kumkumbusha jana. Sijui kama Ali aliwahi kulisikia jina la mji huu, lakini alikuwa amegusa jeraha ambalo hapa lilikuwa bado bichi.

Na ilikuwa ni uonevu. Foreman alikuwa mtoto wa mtaa wa maskini mjini Houston, mzao wa watumwa kama Ali. Kosa lake la zamani, machoni mwa wengi, lilikuwa kupeperusha kibendera cha Marekani ulingoni aliposhinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, siku chache baada ya Tommie Smith na John Carlos kuinua ngumi zao. Kwenye mieleka, anayechukua nafasi ya mtu mbaya amekubali, na jioni anakula chakula kimoja na shujaa. Foreman hakuulizwa. Maelfu ya watu wasiomfahamu waliimba «Ali, boma ye!» wakitaka auawe, na yeye alikuwa kijana aliyejifungia hotelini akisubiri jicho lipone.

Kengele iligongwa karibu saa kumi alfajiri, ili Wamarekani watazame saa nne usiku wao kwenye kumbi za sinema. Kwetu Bukavu ilikuwa saa kumi na moja, jogoo wameshawika.

Raundi ya kwanza hutazamwa vibaya na wengi, kwa kuwa wote wanasubiri kamba. Itazame kwa makini. Ali anatoka kwenye kona na kupiga kwa mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto. Kwa bondia hilo ni karibu tusi: mkono wa kulia una safari ndefu, na anayeurusha hivyo anamwambia mwenzake kwamba haoni hatari yoyote. Anafanya hivyo tena na tena. Foreman anakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyokuwa lengo. Kisha tazama uso wa Ali akirudi kwenye kona yake. Amempiga mtu kwa ngumi zake bora na mtu hajatikisika. Pia amegundua kwamba Foreman anajua kufunga njia, kwamba kwa kila hatua mbili za Ali yeye anahitaji moja. Katika sekunde zile sitini Ali anaangalia mbele kama mtu anayesoma barua mbaya, halafu anawageukia watu na kuwaongoza waimbe.

Raundi ya pili anaenda kwenye kamba kwa hiari yake. Mkufunzi wake Angelo Dundee na kona yote wanapiga kelele atoke. Kamba zilikuwa zimelegea kwa joto, na Ali akaegemea nyuma hadi kichwa kikaning'inia juu ya mabega ya waandishi wa habari, mikono imefunika mbavu na uso, akamwacha Foreman apige. Alipigwa kweli. Wanaosema ulikuwa ujanja wasisahau figo, mbavu na mikono iliyokuwa ikipokea ngumi za mtu aliyekuwa ameinua miili mikubwa kutoka sakafuni.

Nimeitazama filamu ya pambano hili mtaani Kadutu, hapa Bukavu, pamoja na vijana wanaofuata WWE kwenye simu zao, wanaojua jina la kila mtindo wa kurusha. Kufika raundi ya nne mmoja wao hakuvumilia tena.

«Yaya, mbona harudishi? Si atakufa?»

«Tazama mikono ya Foreman,» nilimwambia. «Usimtazame Ali.»

Hilo ndilo ningependa kila msomaji afanye. Kwenye mieleka mpigwaji ndiye msimuliaji. Anayepiga anaweza kupiga hewa, lakini anayepigwa akijua kazi yake, mtu wa kiti cha mwisho kabisa ataumia naye. Ali aliupindua ufundi huo. Kila ngumi ilipotua, alimwinamia Foreman sikioni na kumwambia kwamba haikuuma, kwamba aliambiwa angekutana na mtu mwenye nguvu na sasa anashangaa. Maumivu yalikuwepo, ila alikataa kuyaonyesha. Foreman, aliyezoea kuona watu wakianguka, alikosa kitu alichokihitaji kuliko hewa: ushahidi kwamba anashinda. Raundi ya tatu ngumi zake zilikuwa na uzito. Raundi ya tano zilikuwa pana, na mwishoni mwake Ali akatoka kwenye kamba ghafla na kumtwanga mfululizo. Raundi ya sita mikono ya Foreman ilikuwa ikining'inia kati ya ngumi moja na nyingine. Raundi ya saba anamwegemea Ali, na ukitazama vizuri utaona kwamba anapumzika.

Mieleka ya maeneo ilikuwa na mpango huohuo. Shujaa hupigwa muda mrefu kupita uvumilivu wa watu, na kabla hawajakata tamaa kabisa hufufuka. Tofauti ni kwamba pale Memphis mpigaji alijua saa ya ufufuo. Kinshasa hakuna aliyeijua, na sidhani kama Ali mwenyewe aliijua kabla haijafika.

Ilifika mwisho wa raundi ya nane. Ali yuko kwenye kamba, Foreman anakosa ngumi na mwili unamvuta. Ali anateleza pembeni na ghafla wamebadilishana mahali. Ngumi kadhaa zinafuatana, mkono wa kushoto unainua kichwa, wa kulia unatua katikati ya uso. Foreman anapepesuka, anaanza kuzunguka akielekea sakafuni, mwili wake mkubwa umepinda, na Ali anamzunguka huku mkono wa kulia umeinuliwa tayari. Hakuurusha. Alikuwa na nafasi, alikuwa na sababu, na maelfu walikuwa wamemwimbia miezi miwili aue. Ngumi ile ingeharibu anguko. Nimeona wanamieleka wakubwa wasiojua kuacha, wanaoongeza pigo baada ya pambano kuwa limekwisha na hivyo kulipunguza. Ali, mwanafunzi wa Gorgeous George, alijua mwisho unapokuwa umefika. Refa Zack Clayton akahesabu, zikiwa zimebaki sekunde mbili za raundi. Mvua kubwa ilinyesha muda mfupi baadaye na kuufurikisha uwanja.

Foreman alitoa visingizio vingi katika miaka ya kwanza, akilaumu kamba, hesabu ya refa, hata maji aliyopewa. Baadaye akawa mhubiri, akaacha visingizio vyote, na mnamo Novemba 1994, akiwa na miaka 45, akatwaa tena ubingwa kwa kumwangusha Michael Moorer. Alipofariki Machi 2025, alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba alimpenda Ali kama rafiki. Walipokutana jukwaani mwaka 1997, filamu kuhusu Kinshasa ilipopata tuzo ya Oscar, Foreman ndiye aliyemsaidia Ali, ambaye ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemwelemea, kupanda ngazi. Yule Mbelgiji.

Deni la Ali kwa mieleka halikuishia hapo. Tarehe 26 Juni 1976, kwenye ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo, alikutana na bingwa wa mieleka Antonio Inoki, huku Freddie Blassie, mmoja wa watu wabaya wakubwa wa zama za Gorgeous George, akiwa meneja wa Ali. Safari hii hakuna aliyesimulia hadithi. Sheria zilikuwa zimembana Inoki hata akalala chali karibu raundi zote 15 na kupiga miguu ya Ali mateke, watu wakazomea, refa akatangaza sare, na Ali akapelekwa hospitali na miguu iliyovimba. Wawili wale walikuwa stadi wa kujenga dau. Siku hiyo kila mmoja aliogopa kupoteza lake, na pambano likafa.

Hata hivyo Ali na Inoki walikuwa marafiki baadaye, na Ali alimwachia zawadi: muziki wa filamu ya maisha yake, wenye ule wito wa Kinshasa ndani yake. Inoki aliugeuza kuwa wimbo wake wa kuingilia ulingoni, na kwa miongo mingi umati wa Kijapani uliimba kwa Kilingala, wakitamka «bom-ba-ye». Inoki alifariki Oktoba 2022, na bado wimbo huo unapigwa. Mwanamieleka mwingine wa Japani, Shinsuke Nakamura, aliyelelewa katika kampuni iliyoanzishwa na Inoki, aliliita goti lake la kumalizia pambano Boma Ye. Alipohamia WWE mwaka 2016, pigo lile lilibadilishwa jina na kuitwa Kinshasa. Vijana wa Kadutu wanalifahamu vizuri. Nakamura anarudi nyuma hadi kwenye kona, anatetemeka, anakimbia, goti linatua, na mtangazaji wa Kimarekani anapaza sauti akilitaja jina la mji mkuu wetu.

Walikuwa wameona mamia ya marudio ya goti hilo kabla hatujafika raundi ya nane ya filamu yangu. Ilipokwisha waliomba tuirudie, safari hii kuanzia raundi ya kwanza, na hakuna aliyesogeza picha mbele.